Jina la zamani kwenye kitabu cha gari ni mtego kwa mnunuzi na muuzaji

GARI la utalii linapouzwa, mnunuzi hukagua injini, magurudumu na lile paa linaloinuliwa ili abiria watazame wanyama. Ni wachache wanaouliza mapema swali lililo zito kuliko hayo yote: jina la nani limo kwenye rejista ya serikali?

Swali hilo limewakabili wengi zaidi tangu mwaka 2020, wakati Kenya ilipositisha safari za ndege za kimataifa kuanzia Machi hadi Agosti kutokana na janga la Covid-19. Watalii walitoweka, na baadhi ya kampuni zikalazimika kuuza magari ili kulipa madeni.

Baadhi ya magari hayo yaliishia mikononi mwa familia na vijana wapenda matembezi, ambao waliyatia vitanda na majiko ili kupiga kambi nayo. Tatizo ni kwamba gari huweza kupita mikono mitatu au minne huku jina kwenye kitabu cha umiliki, maarufu kama logibuku, likisalia la kampuni ya kwanza.

Sheria ya Trafiki haina utata kuhusu jambo hili. Inamtaka muuzaji kumjulisha msajili katika muda wa siku saba, na hairuhusu gari kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 baada ya umiliki kubadilika, kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa.

Sheria hiyo hiyo inasema kuwa mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe, hadi ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo machache ndiyo yanayowaponza wengi.

Kwa muuzaji, maana yake ni kwamba gari likimgonga mtu miaka miwili baada ya mauzo, yeye ndiye atakayeshtakiwa kwanza. Katika kesi ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa ilikubali kuwa rejista si neno la mwisho iwapo kuna ushahidi kwamba gari lilikwisha kuuzwa.

Hata hivyo, ushahidi huo sharti uwepo. Asiye na mkataba wenye tarehe, wala stakabadhi ya malipo, atajitetea kwa maneno matupu.

Kwa mnunuzi, hatari ni kubwa zaidi. Huenda gari liliwekwa rehani na mkopo haujalipwa, na mkopeshaji akaja kulichukua. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, kuna rejista ambako madeni ya aina hiyo huorodheshwa na yeyote anaweza kuyatafuta, lakini wanunuzi wengi hawajui hata kama ipo.

Kampuni iliyouza ikivunjwa kabla ya umiliki kuhamishwa, mambo huzidi kutatizika. Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, mali iliyobaki kwa jina la kampuni iliyovunjwa huangukia serikali. Mnunuzi aliyelipa hadi shilingi ya mwisho hujikuta akitafuta wakurugenzi wa zamani, au akienda kortini kuomba amri ya kumwezesha kusajiliwa.

Iwapo aliyesajiliwa amefariki, mjane au mtoto wake hana mamlaka ya kuuza gari kabla ya korti kumteua msimamizi wa mirathi. Sahihi ya mtu wa familia, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, haitoshi.

Zipo pia zile gari za kulala ambazo wasafiri wa kigeni huja nazo kwa kibali cha muda cha forodha. Haziwezi kuuzwa nchini kihalali kabla ya ushuru kulipwa, na zilizozidi umri wa miaka minane hukumbana na kanuni inayozuia uagizaji wa magari makuukuu. Anayezinunua kwa bei ya chini hununua chuma wala si umiliki.

Lawama haiwezi kuelekezwa kwa wanunuzi pekee. Madalali wamezoesha watu kuuza gari bila kuhamisha jina, ili wao waliuze tena bila kulipa ada. Serikali nayo ina sheria ya siku 14 ambayo haitekelezwi ipasavyo, na matokeo yake ni rejista isiyolingana na hali ilivyo barabarani.

Hatua zimepigwa. Tangu mwaka 2023, huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) zimehamishiwa kwenye mtandao wa eCitizen, ambako muuzaji huanzisha uhamisho na mnunuzi akaukubali. Lakini mtandao hauwezi kumsaidia mtu ambaye muuzaji wake hajulikani aliko. Panahitajika njia ya haraka na nafuu kwa mnunuzi mwenye stakabadhi kamili, badala ya kumsukuma kortini kwa kila kosa la karatasi.

Kabla ya hayo kutimia, kinga ni rahisi kuliko tiba. Rekodi za gari zitafutwe kwanza, na nambari za chesisi na injini zilinganishwe na zilizo kwenye chuma. Mabadiliko ya umbo au rangi yaandikishwe. Sehemu ya malipo izuiliwe hadi uhamisho ukamilike, na mkataba uonyeshe siku na saa ya kukabidhiana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa gari, daftari hilo liko kwa msajili, na aliyeshika ufunguo bila jina lake kuandikwa humo bado hajamaliza kununua.