Mashine mpya, mkono uleule

Kuna kauli inayonichosha kila nikiongea na watu wa nyumbani: "Ninyi wa Ulaya mashine zinawafanyia kila kitu." Jamani, hapana! Miaka yote niliyo maabara hapa Uingereza, kazi yangu kubwa ni kidole gumba na pipeti.

Kwa asiyeijua, pipeti ni kifaa cha mkononi chenye kitufe juu na ncha ya plastiki chini, cha kuvuta na kuhamisha kimiminika kidogo kwa kipimo. Zamani watu walivuta kwa mdomo, wengine wakameza vijidudu. Mwaka 1957 Mjerumani Heinrich Schnitger, akiwa Marburg, alichoshwa na mchezo huo akabuni pipeti ya pistoni.

Sasa ubishi wangu uko hapa. Tunaletewa mashine za mamilioni, wakubwa wanakata utepe, picha zinapigwa. Halafu ncha za plastiki hakuna! Katika maabara moja niliyofanyia kazi nyumbani kabla ya kuja huku, ncha zilisuuzwa kwa maji ya bomba zikatumika tena. Ukiuliza unaambiwa bajeti. Bajeti gani hiyo inayonunua mashine bila ncha? Chembe za sampuli ya mgonjwa wa jana zikibaki kwenye ncha, mashine ya kupima vinasaba inaweza kuzizidisha hadi zionekane ni za mgonjwa wa leo. Mashine haijadanganya. Tumeidanganya sisi.

Wengine watasema kosa la asilimia 5 ni dogo. Haba na haba hujaza kibaba, na makosa ni hivyo hivyo. Tuseme unazimua sampuli hatua sita mfululizo, kila hatua mikrolita 100 kwenye 900. Ukichukua 95 badala ya 100 kila mara, mwishoni umepungukiwa na karibu robo nzima. Na kuna daktari anayesubiri namba yako ili aandike dawa!

Tena dawa ya kosa hilo haihitaji mfadhili. Shika pipeti wima. Lowesha ncha kwanza kwa kuvuta na kutoa kimiminika hicho hicho. Bonyeza hadi kituo cha kwanza kabla ya kuzamisha, zamisha milimita 2 au 3 tu, kisha achia taratibu. Ukiachia ghafla, hewa inaingia, na sampuli inaweza kurukia ndani ya pipeti yenyewe. Unapotoa, gusisha ncha kwenye ukuta wa chombo na ubonyeze hadi mwisho. Usiilaze pipeti ikiwa na kimiminika. Sampuli mpya, ncha mpya.

Na uhakiki je? Mikrolita 1,000 za maji safi zina uzito wa karibu gramu 1. Mizani nzuri ya maabara itakuonyesha mapema kama pipeti inakupunja. Tanzania kuna Wakala wa Vipimo wa kukagua mizani ya muuza sukari, na tukipunjwa tunapiga kelele. Pipeti inayopima damu ya mama yako, nani anaikagua?

Nasema hivi: mashine isiyo na ncha za kutosha, pipeti zilizohakikiwa na watu waliofundishwa kuzishika, isikatiwe utepe. Mnasemaje wenzangu wa maabara, wa nyumbani na wa ughaibuni?