Chombo Kimoja, Midomo Mingi

Wahenga walinena kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Aghalabu methali hii hutamkwa na aliyekwisha kushiba, naye anayeambiwa huonekana mzembe aliyesahau kunoa kisu chake. Anayetaka kuupima ukweli wa kauli hiyo na asimame asubuhi moja kando ya banda la kuku.

Punje zimwagwapo, yupo kuku mmoja anayewadonoa wenzake wote, wa pili anayewadonoa wote ila yule wa kwanza, na hali kadhalika hadi wa mwisho, asiye na wa kumdonoa. Mtaalamu wa Norwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliueleza mpangilio huu mapema katika miaka ya 1920, ingawa wafugaji walikuwa wakiutazama kila siku. Mpangilio ukishatulia, mapigano hupungua. Kuku wa chini hujitenga hata kabla ya kuguswa. Mpita njia atasema hana bidii. Kumbe anakumbuka alivyodonolewa!

Zizini mwa nguruwe mambo ni yayo hayo. Siku chache baada ya kuzaliwa, kila mwana-nguruwe huwa na chuchu yake anayoipigania. Za mbele kwa kawaida hutoa maziwa mengi zaidi, na mara nyingi huangukia waliozaliwa wakubwa. Anayeipata hunenepa, na unene huo humsaidia kuilinda. Watoto wakizidi idadi ya chuchu, anayekosa hudhoofika, pengine hufa. Nani athubutu kumwita mvivu kiumbe asiyetimiza hata wiki moja duniani?

Mfugaji stadi hamhubirii mnyonge. Huongeza vyombo vya chakula na kuvitawanya, ili mbabe asiweze kuvilinda vyote. Mwana-nguruwe aliyezidi humpeleka kwa mama mwingine mwenye nafasi. Hafanyi hivyo kwa huruma tupu. Anajua kwamba mnyama aliyekufa kwa kukosa nafasi ni hasara kwa shamba zima.

Taifa nalo lina vyombo vyake. Ada za shule za msingi za umma zilipoondolewa nchini Kenya mwaka wa 2003, watoto wengi walifurika madarasani. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge alijiandikisha katika darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 84. Je, miaka yote hiyo alikuwa mzembe? La hasha! Kisu alikuwa nacho. Nyama ndiyo iliyowekwa mbali na mkono wake.

Yamkini wapo watakaodai kwamba kuongeza vyombo ni kulea uvivu. Hata hivyo, vyombo viwe kumi au ishirini, kuku hana budi kutembea na kudonoa mwenyewe. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na methali hiyo ingali kweli. Ushindani si haramu. Kilicho haramu ni kuiita bidii ile nafasi ambayo mtu aliikuta imekwisha kuwekwa mbele ya mdomo wake.

Kijana anayezunguka na shahada yake kutoka ofisi moja hadi nyingine huambiwa kila siku anoe kisu. Na akinoe. Ila wenye mamlaka, kabla ya kuwahesabu wazembe, kwanza na wavihesabu vyombo.