Jina Kubwa Halijengi Chama

Ndugu wanamageuzi, wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba dawa ya vyama vikongwe ni kumtafuta mtu mashuhuri, asiye na madoa ya siasa, na kumkabidhi bendera ya chama kipya. Mfano mmojawapo ni wa Jesse Ventura, mwanamieleka na mwigizaji wa filamu, aliyechaguliwa gavana wa jimbo la Minnesota, Marekani, mnamo Novemba 1998. Yafaa tuutazame mfano huo hadi mwisho wake.

Ventura alisimama kwa tiketi ya chama cha Reform. Aliwashinda Norm Coleman wa Republican, meya wa Saint Paul, na Hubert Humphrey wa Tatu wa Democratic, Mwanasheria Mkuu wa jimbo na mwana wa aliyekuwa Makamu wa Rais. Tusiwacheke waliompigia kura. Chama kinapoonekana kuwa urithi wa baba kwa mwana, mwananchi hana kosa akimtafuta mgeni.

Lakini umaarufu peke yake haukuleta ushindi ule. Mwaka wa 1994, wakili Dean Barkley aligombea Useneti akapata asilimia 5 na ushei ya kura. Alishindwa vibaya; hata hivyo, kwa sheria ya Minnesota, kura hizo zilitosha kukifanya chama chake kitambuliwe kuwa chama kikuu. Baadaye Ventura alipata ruzuku ya fedha za umma, na katika midahalo alisimama bega kwa bega na wapinzani wake. Tena, sheria ya jimbo humruhusu raia kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura, na maelfu walifanya hivyo. Shamba lililimwa na wasiojulikana. Mwenye jina alikuja wakati wa mavuno.

Je, alipoingia ofisini mwaka wa 1999? Katika mabunge yote mawili ya jimbo, chama chake hakikuwa na kiti hata kimoja. Kila mswada ilimbidi auombee kura kwa vyama vile vile alivyovibwaga. Haki itendeke: mageuzi ya kodi ya majengo yalipitishwa mwaka wa 2001, na reli ya mjini Minneapolis aliyoipigania ilifunguliwa mwaka wa 2004. Lakini pendekezo lake la kuunganisha mabunge mawili kuwa moja lilizimwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwezi wa Februari 2000 alikihama chama cha Reform. Mwaka wa 2002 hakugombea tena; mgombea wa chama chake kipya aliambulia nafasi ya tatu, na kiti kikarudi kwa Republican. Alipoondoka mtu, nguvu ya chama iliondoka naye. Hata Israeli walipotaka mfalme walimpata Sauli, aliyewapita wote kwa kimo, lakini kimo hakikuuokoa ufalme wake.

Somo hili latuhusu. Ventura alishinda kwa asilimia 37 tu. Hesabu hiyo twaijua: mwaka wa 1992 Rais Moi alirejea Ikulu kwa asilimia 36 hivi, upinzani ukiwa umegawanyika. Katiba ya 2010 yamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura, lakini gavana wa kaunti bado hupita kwa kuwazidi wenzake tu. Mlango wa mtu maarufu uko wazi.

Basi anapokuja mashuhuri kuomba tiketi, tusimwulize ana mashabiki wangapi. Tumwulize: wagombea wake wa bunge la kaunti ni nani? Chama kina matawi wapi? Nani atakiongoza siku atakapochoka? Asiye na majibu anatafuta jukwaa. Nasi turudi mashinani, tuandikishe wapiga kura, tujenge matawi, ili atakayechaguliwa, awe na jina au asiwe nalo, asisimame peke yake.