Grainda Haipigi Polishi

Mwandishi anayemshauri fundi wa magari wa mji wa Nzega afunge sponji kwenye grainda ili apige gari polishi, eti kuzunguka ni kuzunguka tu, anawatafutia watu balaa. Grainda ndogo huzunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika. Mashine ya polishi huanzia 600 hivi, na mara chache huhitaji kuvuka 3,000. Utando mwangavu ulio juu ya rangi kwa kawaida ni mwembamba kuliko unywele. Pembeni mwa mlango joto la msuguano huutafuna upesi, na hapo ni kupuliza rangi upya, kwa gharama ya nani? Anayeanza achukue mashine inayozunguka huku ikiyumba: inachelewa, ndiyo, lakini ni vigumu kuunguza nayo. Gari lenye vumbi la Nzega lioshwe kwanza, maana mchanga chini ya sponji ni msasa, hata mashine iwe ya mamilioni.