Mashtaka Dhidi ya Fundi

Taja tu mbele za watu kwamba paa lako linavuja au sinki limeziba, na utapewa hukumu kabla hujapewa namba ya fundi. Mafundi waongo. Mafundi wezi. Ukishampa hela, basi tena. Ushauri huu hutolewa bure na kwa kujiamini sana, mara nyingi na watu ambao mapaa yao nayo yanavuja. Nimeusikia Dar es Salaam kutoka kwa wapangaji, wenye nyumba, hata kwa mafundi wenyewe wakiwasema wenzao, na kwa maoni yangu sehemu kubwa yake ama si kweli, ama ni kweli nusu. Tuyachukue madai moja moja, ingawa hayana uzito sawa.

"Mafundi wote ni waongo." Hili ndilo mama wa mengine. Ushahidi wake kila mtu anao: alisema atafika saa mbili asubuhi, saa nne ukampigia akasema yuko njiani, saa nane simu haipatikani. Ushahidi huo siukatai. Ninachokataa ni kusema kwamba ni tabia aliyozaliwa nayo. Tazama anavyoishi. Fundi wa mtaani hana mshahara. Ana kazi za siku moja mbili, na hajui nyingine itakuja lini, kwa hiyo ikija haiachi. Jumatatu anachukua advansi kwako. Nusu yake inakwenda kununulia vifaa vya mteja wa wiki iliyopita, ambaye hela yake iliishia kwenye kodi ya chumba, na kazi yako sasa inasubiri advansi ya mteja wa Jumatano. Si uungwana, lakini ni mzunguko wa hela, na mzunguko wa hela unaweza kuukata mapema kuliko kumbadilisha mtu mzima tabia. Unaukata kwa kutotoa fungu kubwa mwanzoni. Vifaa vilipiwe dukani, nauli na chakula cha siku vitoke siku hiyohiyo, ufundi ulipwe kwa hatua: bomba likishalazwa na kujaribiwa, kiasi, ukuta ukishazibwa, kiasi, na kibaki cha mwisho cha kumfanya arudi baada ya siku chache kuangalia kama kuna mahali panatoa jasho. Anayetoa asilimia 70 siku ya kwanza kwa sababu "kaniomba, ana shida" ametoa msaada. Ni jambo jema, ila asiudai kama kazi.

"Nunua vifaa mwenyewe, hutaibiwa." Dai hili limezaliwa na jambo la kweli: yako maduka yanayompa fundi cha juu kwa kila mteja anayemleta, na cha juu hicho kinatoka mfukoni mwako. Kwa hiyo mwenye nyumba anajifunga kibwebwe, anaacha kazi zake, anakwenda Kariakoo peke yake. Muuzaji anamwuliza bati anataka geji ngapi. Anaona 32 ni namba kubwa kuliko 28, anachukua 32, anarudi nyumbani akijisifu kwamba amepata bati zito kwa bei nafuu. Kumbe kwenye bati namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Kwenye mabomba ya plastiki ya PPR nako kuna maandishi ubavuni ambayo hakuna aliyemwambia ayasome: bomba la PN10 ni la maji baridi, la PN20 ndilo linalovumilia ya moto. Halafu viungio. Nusu inchi au robo tatu? Chenye uzi wa ndani au wa nje? Anapiga simu kwa fundi, hawaelewani, anachukua vyote viwili, na bado kinachohitajika ni cha tatu. Boda inakwenda na kurudi, fundi amekaa kwenye ndoo anakusubiri, na siku yake hiyo utailipa.

Hasara kubwa zaidi huonekana baadaye. Bomba likipasuka baada ya mwezi mmoja, fundi ana jibu tayari: vifaa ulinunua mwenyewe, bosi. Na muuzaji naye ana jibu lake: fundi wako hakujua kuunga. Umelipa watu wawili, na hakuna hata mmoja unayeweza kumdai. Ndiyo maana naona ni afadhali fundi aandike orodha kwa mkono wake, kila kitu na kipimo chake, geji yake na aina yake. Uulizie bei kwenye maduka mawili. Kisha mwende wote wawili, yeye achague, wewe umlipe muuzaji. Dai risiti ya EFD, na hakikisha vilivyobaki vinarudi kwako au dukani. Atapata cha juu hata hivyo? Pengine. Ila ukishambana bei ya ufundi hadi isimlipie hata siku yake, usishangae akajilipa kwa njia nyingine.

Na hapo ndipo linapoingia lile la "kazi ya dakika kumi, elfu ishirini!" Sitalikalia sana. Koki inayodondosha mara nyingi hutaka kampira kadogo ndani, kitu cha bei ya peremende. Unacholipia ni kwamba yule bwana amepanda daladala na mfuko wa spana, amefunga maji mahali sahihi bila kukufurikia jikoni, na amejua kwamba ni kampira na si koki nzima. Asiyejua angekuuzia koki mpya. Lakini tusitie chumvi: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani takriban ndoo ya lita 20, na kwa mwezi hazifiki lita 1,000 ambazo ndizo uniti moja kwenye bili. Kwa mwenye maji ya bomba, koki hiyo haitamfilisi. Kwa anayenunua maji kwa dumu, ni ndoo nzima inayomwagwa kila siku, na elfu ishirini inarudi haraka. Kwa hiyo bei ni kubwa au ndogo kulingana na unachopoteza usipoilipa, na hilo ni la kulipigia hesabu kabla ya kumwita mtu mwizi.

"Umeme ni kuunga nyaya tu, hata kijana wa jirani anaweza." Hapa simpi mtu hata nafasi ya kupumua. Chukua shawa ya umeme, ile inayochemsha maji papo hapo, inayoning'inia sasa katika bafu nyingi za mjini. Nyingi zina wati 5,500 au karibu na hapo. Kwa umeme wetu wa volti 230, shawa hiyo inavuta ampea 24 hivi. Waya wa taa nyumbani kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, wa soketi ni 2.5, shawa inataka waya wake peke yake, wa 4 au 6, kutoka kwenye boksi la breka hadi bafuni. Kijana wa jirani anaona waya mrefu ni gharama, anavuta kutoka kwenye soketi ya chumbani. Inawaka. Maji yanakuwa moto, kila mtu anampongeza. Baada ya dakika chache breka inakata. Anarudi, anatazama, anatoa breka ya ampea 20 anaweka ya 32 "isisumbue". Haisumbui tena. Breka ilikuwa ikiukinga waya ulio ndani ya ukuta. Sasa waya huohuo ndio utakaopata moto, nyuma ya plasta, usiku, mtu akiwa anaoga au wote mmelala.

Na bado sijagusa waya wa ethi. Yako majumba ambayo waya huo upo kwenye soketi lakini haujafika kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa nje, kwa hiyo upo kwa sura tu. Ukishika koki ya shawa ikakuuma kidogo vidoleni, watu wa nyumba wanakuzoesha: vaa ndala ukioga. Hakuna ushauri mbaya kama huo nchini. Shawa izimwe pale pale, na fundi aje na kipimo. Breka inayokata umeme ukivuja, ambayo kwa nyumbani huwekwa ya miliampea 30, ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo ningemwambia mtu akope hela anunue.

Wengine hujitetea kwamba shirika la umeme, TANESCO, walishakagua. Kweli, nyumba mpya haiungwi mpaka kazi ya nyaya iwe na mkandarasi mwenye leseni aliyeibeba. Lakini mita ya LUKU ikishafungwa, kila unachoongeza baadaye, kiyoyozi, shawa, jiko, kinaongezwa bila jicho la mtu yeyote isipokuwa la fundi wako. Leseni za kazi hizo hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na mwenye nayo haoni haya kuionyesha. Kumwuliza si kumdharau.

"Fundi umsimamie tangu asubuhi hadi jioni." Nani ana muda huo? Na hata ukiwa nao, kumkalia mtu kichwani huku hujui unachotazama kunamfanya aharakishe tu. Kinachosaidia ni kuwepo katika saa chache zinazoamua, nazo ni zile ambazo kitu kinakaribia kufunikwa. Mabomba yakishalazwa na kabla ukuta haujapigwa plasta, maji yafunguliwe kwa nguvu yake yote yakae, na wewe upitishe karatasi kavu kwenye kila kiungio. Bafu likishazuiwa maji na kabla ya marumaru, tundu la kutolea maji lizibwe, sakafu ijazwe maji yenye kina cha vidole viwili, yaachwe siku nzima, na ukaangalie ukuta wa upande wa pili. Picha za simu zipigwe mabomba na nyaya zikiwa wazi, maana mwaka kesho utataka kutoboa ukuta utundike kabati. Plasta na zege navyo vimwagiwe maji kila siku kwa juma moja, hata kama fundi ameshaondoka. Hiyo ni kazi yako na ya watoto wako, haina ufundi wowote. Saruji hupimwa nguvu zake ikiwa na siku 28, na ile inayokaushwa na jua la Januari siku ya pili itakuonyesha nyufa ambazo utamlaumu nazo fundi aliyechanganya vizuri tu.

"Tunafahamiana, tuandikiane ya nini?" Kisheria hata msipoandikiana mkataba upo, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo. Shida ni ushahidi. Mkifika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au Mahakama ya Mwanzo, atakayebaki na neno lake tupu ni wewe. Ujumbe mmoja wa simu unatosha: kazi gani, vyumba vingapi, bei ya ufundi, nani analipa usafiri, imalizike lini, na ikivuja ndani ya miezi mitatu nani anarudi. Hela ipite kwenye simu badala ya mkononi. Kati ya shemeji na shemeji ndipo maandishi yanahitajika zaidi, kwa sababu mgeni ukigombana naye humwoni tena, shemeji mtakutana kwenye kila msiba.

Limebaki la vyeti, nalo lina pande mbili zinazorushiana mawe. Wengine wanasema asiye na cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, si fundi. Wengine kwamba cheti ni karatasi, ufundi ni mkono. VETA yenyewe imeshajibu: ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa cheti bila kuwarudisha darasani miaka yote. Kwa umeme, mimi naanza na karatasi. Kwa paa, naanza na maswali. Mwulize fundi wa kupaua msumari anaupiga wapi. Kwenye bati la migongo ya kawaida, msumari wenye kofia na mpira hupigwa juu ya mgongo, kwa sababu bondeni ndimo maji yanamopita. Kisha msikilize anavyotafuta panapovuja. Anayepanda na silikoni mkononi, akapaka juu ya doa lililoko darini, mlipe nauli yake arudi zake. Maji huingilia kwenye tundu moja, yakafuata mbao, yakadondokea mita mbili au tatu mbali. Fundi anayestahili kupanda ngazi yako ni yule anayeanza kwa kukuuliza linavuja kwenye mvua yoyote au kwenye ile ya upepo tu, na upepo ulitokea upande gani.