Kijiko cha kwanza: Lini, kina nini, na kwa ushauri wa nani?

MTOTO wa miezi mitatu analia usiku. Amenyonya, amebadilishwa nepi, na bado analia. Kunapopambazuka hukumu imeshapita nyumbani: maziwa ya mama hayamtoshi, apikiwe uji. Katika nyumba nyingine mtoto ametimiza miezi tisa, naye hajapewa chochote zaidi ya ziwa na uji mwepesi wa sembe wenye sukari, kwa hoja kwamba bado ni mdogo. Nyumba zote mbili zinampenda mtoto, na zote mbili zinampunja haki yake.

Ndugu wasomaji, juma hili tumeona tuitazame haki hiyo. Mtoto ni amana, na chakula chake cha kwanza ni miongoni mwa mambo ambayo wazazi hawatakiwi kuyaendea kwa mazoea tu.

Kwa nini miezi sita?

Tangu mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Wahudumu wa kliniki zetu nao hufundisha hivyo hivyo.

Sababu zake zi wazi. Maziwa ya mama yana chakula na maji yote anayohitaji mtoto wa umri huo, hata katika joto la Dar es Salaam au Tanga. Kila kijiko cha uji au maji kinachotangulia miezi sita huweza kuingiza vijidudu vya kuharisha tumboni mwa mtoto ambaye kinga yake bado ni changa. Tena, mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo, na maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Hivyo mama aliyeambiwa kuwa maziwa yake hayatoshi huishia kupungukiwa kweli, na dawa inakuwa ndiyo maradhi.

Basi kilio kisiwe kipimo. Mtoto hulia kwa gesi, kwa joto, kwa usingizi, na kwa kutaka kubebwa. Kipimo ni mkojo na mizani: anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake unapanda katika kadi ya kliniki, maziwa yanamtosha. Uzito usipopanda, mama aende kliniki akasaidiwe namna ya kumnyonyesha, kabla ya kukimbilia sufuria.

Kuchelewa nako kuna madhara. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama yake, na ifikapo miezi sita akiba hiyo huwa imepungua sana. Maziwa peke yake hayawezi kuijaza, na damu ikipungua, ukuaji wa mwili na wa akili huathirika. Wakati huo huo mtoto mwenyewe huonyesha kuwa yu tayari: shingo imekaza, anakaa akiegemezwa, ananyakua kitu na kukipeleka mdomoni, na hatemi tena kwa ulimi kila anachowekewa. Meno si sharti. Ama mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo, wazazi wake wafuate maelekezo ya daktari, kwani akiba yake huisha mapema zaidi.

Kulikiza si kuachisha

Lipo jambo moja linalochanganywa. Wengi husema mtoto "ameanza kulikizwa" wakikusudia kuwa ameanza kula, na wengine hulichukua neno hilo kuwa mlango wa kumwachisha ziwa. Hayo ni mambo mawili. Chakula cha nyongeza, kama jina lake lilivyo, huongezwa juu ya maziwa, hakichukui nafasi yake. Kati ya miezi sita na mwaka mmoja, maziwa ya mama bado huweza kumpa mtoto nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji.

Katika Suratul-Baqara, aya ya 233, Allah (S.W.) ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kukamilisha. Humo humo amemwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa wema, akakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto, na akaruhusu kuachisha kabla ya muda huo iwapo wazazi wawili wataridhiana na kushauriana.

Tuzingatie hapo: kuridhiana na kushauriana. Ikiwa kuachisha kumefungamanishwa na mashauriano ya baba na mama, basi kijiko cha kwanza nacho kinastahiki kikao chao. Lakini akina baba wengi husema mambo ya uji ni ya wanawake, na kwa kauli hiyo mama mzazi hubaki peke yake mbele ya mama mkwe, mawifi na majirani, kila mmoja na rai yake. Baba aliyekwenda kliniki na mkewe, akasikia kwa masikio yake, ndiye anayeweza kumwambia mama yake kwa adabu, "Mama, tumeshauriwa tungoje miezi sita. Tusaidie kungoja." Neno hilo likitoka kwa mwana huwa nasaha, likitoka kwa mkaza mwana huonekana utovu wa heshima.

Tende na asali

Huenda msomaji akauliza: na tahnik je? Tahnik ni Sunna iliyothibiti. Asmaa binti Abu Bakr (r.a.) alipojifungua Abdullah bin Zubayr hapo Quba, alimpeleka kwa Mtume (s.a.w.), naye akatafuna tende na kumsugulia kinywani. Hicho ni kiasi kidogo cha tende iliyolainishwa, hupakwa juu ya kaakaa, tena mara moja. Anayekifanya awe na mikono na kinywa safi na asiwe mgonjwa, wala asiache kipande kinachoweza kumpalia mtoto. Tahnik haiwi hoja ya kumlisha mtoto kila siku kabla ya wakati.

Asali ndiyo tunayoitahadharisha kwa mkazo. Kweli Allah (S.W.) ameitaja katika Suratun-Nahl kuwa ina ponyo kwa watu. Hata hivyo, asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo mtu mzima hazimdhuru, lakini ndani ya utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja huchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto hufunga choo, kilio chake hufifia, hushindwa kunyonya, na huweza kushindwa kupumua. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Kwa hiyo, mpaka atimize miezi 12, asilambishwe asali, isitiwe katika uji wake, wala isitumike katika tahnik badala ya tende.

Bakuli liwe na nini?

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Iringa, mkoa unaosifika kwa mahindi, ulikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo. Funzo lake ni kwamba ghala likijaa nafaka si lazima bakuli la mtoto liwe limekamilika.

Uji wa mtoto uwe mzito, usiomwagika upesi kijiko kikiinamishwa. Aanze na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, kisha aongezewe taratibu hadi nusu kikombe cha robo lita, milo miwili au mitatu. Kuanzia miezi tisa, milo iwe mitatu au minne, na chakula kipondwe au kikatwe vipande laini. Akitimiza mwaka, ale chungu cha familia, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, pamoja na asusa kama tunda kati ya milo.

Nafaka au kiazi kiwe msingi tu. Kiongezwe chenye madini ya chuma na protini: maini yaliyoiva na kupondwa, yai lililoiva vizuri, dagaa waliosafishwa na kusagwa, samaki asiye na miba, kunde, choroko au maharage. Ziongezwe mboga na matunda: mchicha, tembele, boga, kiazi kitamu cha njano, papai, embe, parachichi. Tui la nazi au kijiko kidogo cha mafuta huongeza nguvu. Sukari na chumvi havihitajiki. Chai asipewe kabisa, kwa kuwa huzuia mwili kunyonya madini ya chuma. Karanga nzima, pipi na vipande vigumu humpalia mtoto.

Tuseme pia kuhusu unga wa lishe. Wengi huchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama, wakidhani wingi wa aina ni wingi wa lishe. Nafaka hizo zote kazi yake inakaribiana. Moja hutosha, ikiongezewa jamii ya kunde. Na mahindi au karanga zilizoota ukungu huwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Wala kupika hakuiondoi. Chambueni nafaka, zikaushwe vizuri, na sageni unga kidogo kidogo.

Namna ya kulisha

Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlishaji na ya mtoto. Mtoto awe na chombo chake ili ijulikane amekula kiasi gani. Akikataa asibanwe pua wala kulazimishwa. Apumzishwe, ajaribiwe tena siku nyingine. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama kutaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia na kula cha mbele yake. Mafunzo hayo huanza pale mlishaji anaposema Bismillah kwa sauti, mtoto akasikia.

Kwa akina bibi tuna ombi. Mikono yenu ndiyo inayojua kuchambua dagaa na kupika kunde zikalainika. Ngojeeni miezi sita, kisha kazi ya bakuli ishikeni ninyi, mama mzazi apate kupumzika na kunyonyesha. Na kwa baba mwenye mtoto wa miezi mitano leo, ketini na mkeo usiku huu, mpange kijiko cha kwanza kitakuwa na nini na kitalipiwaje.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu afya na ukuaji mwema, na atuwezeshe kuitunza amana hii. Aamin.