Uwanja Haulipi Deni kwa Kushangiliwa

Mwezi Julai 2025 Soko la Hisa la Nairobi liliorodhesha hatifungani ya Sh. bilioni 44.8 za Kenya, kwa ajili ya uwanja mpya wa michezo wa viti 60,000 ulioanza kujengwa mwaka 2024 karibu na Barabara ya Ngong, ukijulikana kwa jina la Talanta. Muda wake ni miaka 15, na faida iliyotajwa ni asilimia 15.04 kwa mwaka. Kiwango hicho kinatia hamu. Hata hivyo mwekezaji mdogo, awe ananunua mwenyewe au akiba yake imo katika mfuko wa pensheni unaomnunulia, anapaswa kwanza kuuliza: mlipaji ni nani?

Mlipaji si uwanja. Malipo yamepangwa kutoka katika Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambao ni mfuko wa serikali. Mwenye hati, kwa hiyo, hakununua sehemu ya uwanja. Amekopesha kwa kutegemea fedha za umma. Viti vikijaa hapati nyongeza. Vikibaki vitupu, mzigo wote unabaki kwa mfuko huo, na nyuma ya mfuko yuko mlipa kodi. Hivyo uwanja ukizalisha fedha zake, kila mmoja analala usingizi mzuri zaidi.

Je, uwanja mkubwa huweza kujilipia? Mjini Munich, Ujerumani, Allianz Arena ilifunguliwa mwaka 2005 kwa gharama ya Euro milioni 340, ikimilikiwa nusu kwa nusu na klabu mbili. Moja, TSV 1860, ilikuwa imeshuka daraja, na mwaka 2006 iliuza nusu yake kwa Euro milioni 11 tu. Nyingine, Bayern, ilijaza viti, ilipokea fedha za kampuni ya bima iliyoupa uwanja jina, na mwaka 2014 ilimaliza deni miaka 16 kabla ya wakati. Uwanja ni ule ule, hesabu mbili tofauti.

London nako, uwanja wa Tottenham uliofunguliwa mwaka 2019 ulijengwa kwa kukubali kwamba soka peke yake haitoshi. Nyasi zake zimegawanywa vipande vitatu vinavyotelezeshwa chini ya jukwaa la kusini, na chini yake kuna nyasi bandia kwa ajili ya mpira wa Kimarekani. Mwaka 2023 Beyoncé alifanya maonyesho ya usiku tano hapo. Kuna mikahawa, kiwanda kidogo cha bia ndani yake, na tangu 2024 barabara ya mashindano ya magari madogo. Siku isiyo na mechi, mlango uko wazi na fedha inaingia.

Nairobi tayari ina Kasarani, iliyofunguliwa mwaka 1987, na mechi za kawaida za ligi hazijazi viti kama hivyo. Fainali za Afrika za 2027, ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mwaka 2023 kuziandaa kwa pamoja, ni za wiki chache. Deni ni la miaka 15. Kinachohitajika ni kalenda ya matamasha, mikutano, maonyesho ya biashara na ibada kubwa, pamoja na vibanda vya kukodishwa kwa mwaka mzima. Wafanyabiashara wadogo wa vyakula na jezi wapewe nafasi zao kwa mkataba, kwani wao ndio watakaoleta kodi ya pango siku ambazo hakuna kipyenga.

Wasimamizi wa uwanja wanapaswa pia kutangaza kila mwaka mapato, gharama za matengenezo na idadi ya siku ulizotumika. Bila takwimu hizo mwenye hati atakuwa anahesabu mabao badala ya shilingi. Wazee wa biashara walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.